Kuzunguka Loch Tay kwa Siku Mbili: Mwongozo Kamili wa Vijiji, Nyumba za Wageni na Mawe ya Kale

Saa tatu na nusu usiku, mwezi wa Juni, shangazi yangu alisimama juu ya daraja la Killin, mtandio umelowa rasharasha za maporomoko. Akatazama magharibi, akatazama saa yake, akatazama magharibi tena. "Mwanangu, hili jua limesahau kuzama?"

Halikusahau. Pale Uskoti ya kati, mwezi wa Juni jua huzama saa nne usiku na dakika chache, na saa kumi na nusu alfajiri limekwisha kurudi. Kosa lilikuwa langu. Kwa kuwa nje kulikuwa bado kweupe, nilidhani tuna muda wa kutosha, nikapiga picha kila kona. Tulipofika kwenye nyumba ya wageni niliyoweka nafasi, jiko lilikuwa limefungwa. Binti wa kaunta alituonea huruma akatupa pakiti mbili za krispi na chai. Shangazi, aliyetoka Tanga na maandazi kwenye begi "kwa dharura", alinitazama tu.

Ndiyo maana nitaanza na saa, ramani itafuata.

Hatua ya 1: Chagua mwezi, kisha heshimu jiko

Loch ni ziwa kwa Kigaeli, lugha ya asili ya milima ya Uskoti, na Loch Tay ni mojawapo ya maziwa marefu ya Uskoti: kama kilomita 23 kutoka Kenmore upande wa mashariki hadi Killin upande wa magharibi. Ni jembamba, na kuna mahali kina chake kinapita mita 150. Kutoka hapo unaanza Mto Tay, unaopitisha maji mengi kuliko mto mwingine wowote wa Uingereza nzima.

Miezi mizuri ni Aprili, Mei na Septemba. Juni hadi Agosti kuna mwanga mwingi, lakini kuna watu wengi na kuna visubi. Usividharau. Ni vidogo kuliko mbu, havilii masikioni, huja kwa maelfu jioni tulivu yenye unyevu, na huingia hata kwenye nyusi. Upepo kidogo tu huviondoa, kwa hiyo kaa mahali wazi penye upepo wala usikae kando ya kichaka. Chandarua cha kuvaa kichwani hupatikana dukani kwa bei ndogo.

Desemba jua huzama kabla ya saa kumi jioni, na sehemu nyingi hufungwa au hufunguliwa siku chache kwa wiki. Siku moja ya baridi inayofaa safari ni tarehe 15 Januari, msimu wa kuvua samoni unapofunguliwa. Kenmore hupigwa zumari za Kiskoti, watu huandamana hadi ukingoni, na mashua hubarikiwa kwa kumwagiwa wiski. Utaganda, lakini utakuwa umeona jambo.

Kuhusu jiko: nyumba nyingi za wageni za vijijini huacha kupokea oda za chakula cha jioni kati ya saa mbili na saa tatu usiku. Unapoweka nafasi, uliza swali hilo hata kabla ya kuuliza bei ya chumba. Kwa wanaoswali, pakua ratiba ya swala ya mji wa karibu kabla ya kuondoka, maana mtandao wa simu hukatika mara kwa mara upande wa kusini wa ziwa. Majira ya joto chakula cha jioni hutangulia Magharibi, kwa hiyo usisubiri giza ndipo uone njaa.

Hatua ya 2: Weka maji kushoto

Mwenye pasipoti ya Tanzania au Kenya anahitaji viza ya Uingereza, na hakuna viza ya Uskoti peke yake. Ukishaingia kihalali, unaweza kuendesha gari kwa leseni yako ya nyumbani kwa miezi 12. Magari hupita kushoto kama kwetu, kwa hiyo nusu ya hofu imekwisha.

Kutoka Edinburgh, pita Perth, shika A9 kuelekea kaskazini, ukate kushoto Ballinluig kwa barabara ya A827 hadi Aberfeldy na Kenmore. Ni takriban saa mbili. Kutoka Glasgow unaweza kupitia Stirling, Callander na bonde la Glen Ogle ukatokea Killin. Uanzie mwisho wowote, kanuni yangu ni moja: zunguka kinyume cha mwendo wa saa, ziwa liwe kushoto. Hapo abiria ndiye anayekaa upande wa maji, na vituo vingi vya kuegesha ili kutazama viko upande wako bila kukatiza barabara. Hapa nitaanzia Kenmore, nipite ukingo wa kaskazini, nilale Killin, nirudi kwa ukingo wa kusini.

Ukingo wa kaskazini una A827, barabara nzuri ya magari mawili. Ukingo wa kusini una barabara ya gari moja tu, yenye sehemu za kupishana zilizowekewa vibao. Sheria zake zijue kabla hujafika:

Sehemu ya kupishana ikiwa kushoto kwako, ingia usubiri. Ikiwa kulia, usivuke barabara. Simama mkabala nayo, mwenzako aingie. Aliye karibu zaidi na sehemu hiyo ndiye anayerudi nyuma, na wa huko hawagombani juu ya hilo. Anayekufuata kwa haraka mpishe, ni mwenyeji na anakwenda kazini. Ukipishwa, inua mkono. Na usiegeshe humo hata kwa "dakika moja ya picha".

Huna gari? Treni itakufikisha Perth au Pitlochry, basi litakufikisha Aberfeldy, na kutoka hapo mabasi ya kwenda ziwani ni machache, Jumapili machache zaidi. Ukingo wa kusini usahau bila gari au baiskeli. Jaza mafuta Aberfeldy, na nunua huko mkate, matunda na maji, kwani maduka ya mbele ni madogo.

Ukiwa Aberfeldy toa dakika 20 kwa daraja la Jenerali Wade, lililokamilika mwaka 1733 kwa michoro ya William Adam. Lilijengwa ili majeshi ya serikali yafike haraka kwa Wagaeli waasi wa milimani. Lina mgongo kama wa ng'ombe wa zebu, na magari bado yanapita juu yake.

Hatua ya 3: Elewa nyumba ya wageni kabla ya kuingia

Nyumba ya wageni ya kijijini Uskoti ni vyumba vya kulala, mgahawa na baa chini ya paa moja. Zilianzishwa kwa ajili ya wasafiri wa farasi, wachunga ng'ombe waliokuwa wakiswaga mifugo kwenda minada ya kusini, na wavuvi matajiri waliofuata baadaye. Mtu asiyekunywa pombe ataingia bila shida. Familia hukaa, watoto hula, mbwa hulala chini ya meza. Katika nyingi huhudumiwi mezani mpaka uende kaunta useme unachotaka na namba ya meza yako.

Nyama ya halali usiitegemee. Samaki yupo karibu kila mahali: samoni, trauti, na supu nzito ya samaki wa kukaushwa kwa moshi iliyochanganywa na viazi na maziwa. Hiyo iagize, mvua ikiwa inanyesha nje utaelewa ilibuniwa kwa nini. Mara nyingi ipo pia hagisi (chakula cha Kiskoti ambacho kwa kawaida ni cha matumbo ya kondoo) isiyo na nyama, ya dengu na shayiri.

Kwa anayekunywa: tangu Desemba 2014 kiwango cha pombe kinachoruhusiwa kwa dereva Uskoti ni kidogo kuliko cha England, mikrogramu 22 kwa mililita 100 za pumzi. Kwa maneno mengine, dereva asinywe kabisa, hata asubuhi baada ya usiku mrefu awe na wasiwasi.

Vyumba ni vichache, nyumba nyingine hazina hata kumi. Kwa wikendi za majira ya joto weka nafasi miezi kadhaa mapema. Chumba cha juu ya baa ni cha bei nafuu na kina kelele, cha uani ni kimya. Uliza, wanakwambia ukweli.

Hatua ya 4: Kenmore, kijiji kilichonyooshwa

Katika safari hii nzima beba swali moja mfukoni: nani alipanga mahali hapa, na waliokuwapo kabla walikwenda wapi? Bila swali hilo Loch Tay ni picha za kalenda tu.

Egesha gari karibu na uwanja wa Kenmore. Upande mmoja kanisa, upande wa pili lango kubwa la ngome, katikati nyumba nyeupe zimejipanga pande zote mbili kama askari gwarideni. Kijiji hakioti hivyo chenyewe. Kilipangwa upya kuanzia mwaka 1760 na Earl wa tatu wa Breadalbane, mkuu wa tawi la ukoo wa Campbell lililomiliki karibu kila jiwe unaloliona kutoka hapo. Kanisa ni la mwaka huo huo, na daraja juu ya Mto Tay ni la 1774.

Hoteli iliyo uwanjani ndiyo inayodai kuwa nyumba ya wageni ya zamani kuliko zote Uskoti, ikihesabu tangu 1572, mwaka ambao bwana wa Glenorchy alitoa kibali cha kuwa na nyumba ya kulala wasafiri. Zipo nyingine zinazodai vivyo hivyo, na sitaingia ugomvi huo. Kinachonivuta mimi ni ukuta wa juu ya meko. Mwaka 1787 mshairi Robert Burns alilala hapa, akachukua penseli akaandika shairi ukutani. Wenye nyumba hawakupiga chokaa, waliliwekea kioo. Kenmore imekuwa na ujenzi na mabadiliko ya umiliki katika miaka ya karibuni, kwa hiyo piga simu kabla hujaihesabu kama kitanda chako au chakula chako cha mchana.

Nyuma ya lango ni Taymouth, kasri lililoanza kuinuka mwanzoni mwa karne ya 19 baada ya ngome ya zamani kubomolewa. Malkia Victoria alikaribishwa hapa mwaka 1842 kwa fataki, mashua na zumari. Usipange kuingia ndani; litazame kwa nje kutoka kwenye njia za umma.

Kabla hujaondoka, simama ukingoni utazame kisiwa kidogo chenye miti karibu na ufuko. Sybilla, mke wa Mfalme Alexander wa Kwanza wa Uskoti, alifia Loch Tay mwaka 1122, na mfalme akakitoa kisiwa hicho kwa watawa kwa ajili ya kumkumbuka.

Hatua ya 5: Nyumba za juu ya maji

Toka Kenmore kwa A827, na baada ya mwendo mfupi kabisa uko Dalerb, kwenye makumbusho ya makranogi. Kranogi ni nyumba ya duara iliyojengwa juu ya nguzo ndani ya ziwa na kuunganishwa na nchi kavu kwa daraja la mbao. Loch Tay ina mabaki ya makranogi 18. La Oakbank, karibu na kijiji cha Fearnan, lilianza kuchimbuliwa na wapigambizi mwaka 1980, na matope baridi yalikuwa yamehifadhi vitu vya miaka ya kama 2,500 ambavyo nchi kavu vingekuwa vumbi. Nguzo zilikuwa bado zina alama za shoka. Ilikutwa hata sahani ya mbao yenye mabaki ya siagi.

Kutokana na uchimbaji huo nyumba ya mfano ilijengwa ng'ambo ya pili na kufunguliwa mwaka 1997. Usiku wa tarehe 11 Juni 2021 iliungua, ikaisha kwa dakika chache. Kituo kikahamia Dalerb na kufunguliwa tena mwaka 2024, safari hii na kijiji kizima cha mafundi: anayesuka, anayechonga mbao, anayepika.

Tenga saa mbili. Usipite haraka sehemu ya kuwasha moto kwa kupekecha kijiti. Aliyekuwa akionyesha siku yetu alihangaika hadi jasho likamtoka, shangazi akavua viatu, akachuchumaa, akasema, "Lete, baba." Hakuuwasha naye, lakini moshi alitoa.

Hatua ya 6: Chepuka Fortingall

Fearnan kuna barabara inayokata kulia kupanda Fortingall, kilomita chache tu. Wengi huipita. Mimi ningeacha kasri lolote kabla ya kuiacha hii.

Kwanza mti. Uko kwenye uwanja wa kanisa, ndani ya uzio wa mawe na chuma. Wataalamu huuita Taxus baccata, wenye majani ya sindano fupi bapa, kijani mwaka mzima, ambao watu wa visiwa hivi huupanda makaburini. Umri wake unakadiriwa kuwa miaka 2,000 hadi 3,000, na wapo wanaofika 5,000. Mwaka 1769 shina lilipimwa mzunguko wa futi 52, karibu mita 16. Baadaye watalii wakalimega kipande kipande kuwa kumbukumbu, na mioto ikawashwa ndani yake, mpaka ukazungushiwa ukuta. Kilichobaki ni vishina vilivyoachana, unaweza kudhani ni vichaka vinne vya jirani. "Ndio huu?" aliuliza shangazi. Ndio huu. Tazama vigingi vidogo ardhini: vinaonyesha shina la zamani lilipofika. Ukisimama ukavifuata kwa macho, ndipo ukubwa unakuingia.

Mti huu siku zote ulikuwa dume, ukitoa chavua. Mwaka 2015 tawi moja lilionekana limezaa matunda matatu mekundu, yaani tawi hilo limegeuka jike. Ukisikia pia kwamba Pontio Pilato alizaliwa chini yake, cheka na mwenyeji wako uendelee. Usiguse wala usichume, na matunda na mbegu usimpe mtoto, mti huu ni sumu.

Shambani mkabala na hoteli kuna kichuguu chenye jiwe limesimama juu. Kigaeli huitwa Càrn nam Marbh, rundo la wafu. Husimuliwa kwamba wakati wa tauni ya karne ya 14 bibi kizee mmoja alikuwa akiwaleta maiti hapo kwa sledi ya kukokotwa na farasi mweupe.

Sasa geuka utazame nyumba. Kuta nzito, mapaa ya nyasi yaliyokatwa kwa ustadi, hoteli inayofanana nazo. Unadhani ni za kale sana. La! Zilichorwa na msanifu James MacLaren na kujengwa kuanzia mwaka 1889, kwa fedha za Sir Donald Currie, tajiri wa meli aliyenunua shamba la Glenlyon mwaka 1885. Kampuni yake, Castle Line, iliungana na Union Line mwaka 1900 ikawa Union-Castle. Jina hilo wazee wa Mombasa, Unguja na Dar es Salaam wanalijua: meli zenye ubavu wa zambarau hafifu na bomba jekundu lenye kilele cheusi, mojawapo ikiitwa Kenya Castle, iliyoanza safari mwaka 1952 na kuzunguka Afrika. Currie mwenyewe alikufa mwaka 1909, kabla ya hiyo. Lakini mara nyingine ukipita Kilindini, kumbuka kwamba jina lile la meli lina mapaa ya nyasi huku milimani.

Swali la mfukoni linajibika hapa kwa urahisi. Tajiri mmoja alipanga Kenmore, mwingine akapanga Fortingall miaka 130 baadaye, na wote wawili walitaka kijiji kipendeze dirishani.

Hatua ya 7: Lawers, kwa miguu

Rudi Fearnan, uendelee magharibi. Mlima mkubwa kulia kwako ni Ben Lawers, mita 1,214. Mwaka 1878 mtu mmoja aliyeudhika kwamba unapungukiwa kidogo kufika futi 4,000 aliongoza kundi la wanaume kurundika mawe kileleni ili wazifikie. Wapima ramani hawakuyahesabu. Tangu 1950 mlima unatunzwa na National Trust for Scotland, shirika la kuhifadhi urithi wa Uskoti, kwa ajili ya maua adimu ya nchi za baridi kali yanayoota kwenye miamba yake. Kupanda kileleni ni siku nzima kwa mwenye viatu, ramani na koti la mvua. Kwa mwongozo huu tunaupungia mkono tu.

Chini, kando ya maji, kuna magofu ya Lawers ya Kale: kanisa lisilo na paa, kuta za nyumba, miti imeota sebuleni. Hapo aliishi Bibi wa Lawers, mtabiri wa karne ya 17. Husimuliwa kwamba alipanda mti kando ya kanisa akaonya atakayeukata atapata mabaya, na kwamba mkulima aliyeukata mwishoni mwa karne ya 19 aliuawa na fahali wake mwenyewe. Katika miaka ya 1830 na 1840 mabwana wa Breadalbane waliondoa familia nyingi kwenye kingo za ziwa hili ili kupisha mashamba makubwa ya kondoo. Wengi walivuka bahari hadi Kanada. Hao ndio waliokuwapo kabla.

Unaruhusiwa kufika. Sheria ya ardhi ya Uskoti ya mwaka 2003 inampa kila mtu haki ya kutembea kwa miguu karibu popote, maadamu haharibu: funga geti ulilolikuta limefungwa, zunguka shamba la mazao, na majira ya kuzaa kondoo, Aprili na Mei, kaa mbali na majike wenye watoto. Usiingie ndani ya kuta. Hazijashikwa na kitu.

Hatua ya 8: Lala Killin, amka mapema

Killin usiikimbilie. Mto Dochart hapa haudondoki kwa kishindo kimoja, unateremka ngazi baada ya ngazi juu ya mawe meusi, katikati ya kijiji, chini ya daraja jembamba. Usisimamishe gari darajani. Egesha ndani ya kijiji urudi kwa miguu, na ukanyage mawe makavu tu. Bora saa kumi na mbili asubuhi, kabla mabasi ya watalii hayajafika, au baada ya mvua kubwa. Kutoka darajani utaona Inchbuie, kisiwa chenye makaburi ya ukoo wa MacNab, watawala wa hapa kabla Campbell hawajawameza.

Kando ya maporomoko kuna kinu cha zamani ambamo yamehifadhiwa mawe ya uponyaji ya Mtakatifu Fillan, mmisionari wa karne ya nane. Kila jiwe husemekana kuponya kiungo fulani cha mwili, na kila mkesha wa Krismasi hutandikiwa kitanda kipya cha majani na vijiti vilivyoletwa na mto.

Kisha, ikiwa siku zenu zinaangukia siku za kufunguliwa (ni chache, za majira ya joto, angalia kwanza), nendeni Moirlanich, nje kidogo ya kijiji. Ni nyumba ndefu ya wakulima ya karne ya 19: watu upande mmoja, ng'ombe upande wa pili, paa moja, nguzo za miti iliyopinda kiasili. Watu waliishi humo hadi 1968. Makabati ya kulala bado yapo, na karatasi za ukutani zimebandikwa tabaka juu ya tabaka. Baada ya majumba yote ya waliopanga, hii ndiyo nyumba ya waliopangiwa, na ni yenye joto kuliko zote.

Finlarig, ngome ya mwanzoni mwa karne ya 17 iliyomezwa na magugu, ni mwendo mfupi kutoka kijijini. Kuna shimo la mawe wanaloliita shimo la kukatia vichwa. Wengine husema ni tangi la maji tu. Mimi niko na wa tangi, ila watoto usiwaharibie. Kuta ni mbovu, tazameni kwa mbali.

Hatua ya 9: Kusini, polepole

Rudi mashariki kwa barabara nyembamba ya kusini, kupitia Ardeonaig na Ardtalnaig. Kilomita ni zile zile, muda ni mara mbili. Huku hakuna duka la maana, kuna maji, kondoo na mawe. Tazama mteremko jua likiwa limelala: mistari ya mashamba ya zamani hujitokeza kwenye majani kama mbavu, na pembe za nyumba zisizo na mtu.

Kituo cha mwisho ni Acharn, karibu kabisa na Kenmore. Njia ya kupanda maporomoko ni kali lakini fupi, vaa viatu visivyoteleza. Katikati utakuta mdomo wa pango. Si pango la kweli: Earl yule yule wa Kenmore aliamuru lijengwe miaka ya 1760, liitwe makao ya mtawa wa upweke, ili wageni wake wapitishwe gizani kisha maporomoko yawatokee ghafla mbele ya macho. Burns alilitaja katika shairi lile la ukutani.

Zima tochi ya simu, ulipite gizani kama walivyopita wao, mkono ukutani. Shangazi alishika koti langu kwa nyuma akisoma Ayatul Kursi kwa sauti. Maji yalipotokea akanyamaza, akayatazama kwa muda, halafu akauliza kama kuna njia nyingine ya kurudi kwenye gari. Ipo. Panda kidogo, vuka daraja la mbao lililo juu, uteremke upande wa pili wa kijito.